Msiilaumu Python, pimeni mifumo mnayouziwa

Mhariri,

Mwalimu mmoja wa Kisumu aliandika katika ukurasa huu akitaka shule zetu ziache kuwafundisha watoto Python, kwa kuwa lugha hiyo ya kompyuta inakula stima mara 76 ya C, lugha nyingine ya kompyuta, na nchi inayojali mazingira haiwezi kuwalea vijana wake kwa lugha ya namna hiyo. Takwimu aliyoitoa ni ya kweli. Hitimisho lake silikubali, na naomba nafasi nieleze sababu, maana jambo hili linanipitia mikononi kila mwisho wa mwezi hapa Njoro, ninakotunza kompyuta na hesabu za chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa.

Nianze na takwimu yenyewe. Ilitoka Ureno mwaka 2017. Watafiti, wakiwemo Rui Pereira na João Saraiva, walichukua lugha 27 na mafumbo 10 ya kompyuta, wakaendesha kila fumbo kwa kila lugha kwenye kompyuta ya mezani, na kusoma nishati iliyotumika kupitia kipimo kilichomo ndani ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za kampuni ya Intel. C ikawa kigezo, ikapewa 1. Rust ilipata 1.03, Java 1.98, JavaScript 4.45, na Python 75.88. Hiyo ndiyo 76 ya mwalimu.

Lakini jedwali hilo hilo lina mstari mwingine ambao mwalimu hakuugusa. TypeScript imepewa 21.50, karibu mara tano ya JavaScript. Anayezifahamu lugha hizo mbili anajua kwamba TypeScript haiendeshwi yenyewe. Hugeuzwa kwanza kuwa JavaScript, na JavaScript ndiyo inayoendeshwa. Inakuwaje basi moja ikala stima mara tano ya mwenzake? Ni kwa sababu programu zilizolinganishwa hazikuandikwa na mtu mmoja wala kwa njia moja. Zilitoka katika mkusanyiko ambako watu mbalimbali huleta kazi zao kushindana kwa kasi, na si kila lugha iliyopata fundi wa kiwango kimoja. Kwa hiyo jedwali lile linapima lugha, na hapo hapo linapima mkono wa aliyeandika.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walilichunguza upya suala hili. Waliona kwamba ukishahesabu muda ambao programu inachukua, idadi ya viini vya prosesa vinavyofanya kazi, na jinsi kumbukumbu ya kompyuta inavyotumiwa, lugha yenyewe haibakiwi na mchango wake wa pekee. Python hula stima nyingi katika mahesabu mazito kwa kuwa inachukua muda mrefu kuyamaliza. Swali la kuuliza, kwa hiyo, ni muda unapotea wapi, na hilo ndilo ninalotaka kulijibu kwa mfano ninaoufahamu.

Chama chetu kina wanachama wapatao 1,800. Wengi huleta maziwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo mwezi ukiisha tuna rekodi zaidi ya 100,000: namba ya mwanachama, tarehe, lita, kituo alikopimiwa. Siku ya kufunga mwezi mfumo unatakiwa ujumlishe lita za kila mmoja, uzidishe kwa bei, ukate chakula cha ng'ombe alichochukua kwa mkopo dukani kwetu, ukate ada ya daktari wa mifugo, kisha utoe orodha ya malipo ya kupeleka benki. Ni hesabu za darasa la sita, ila ni nyingi.

Mfumo tuliouziwa ulikuwa ukianzishwa saa kumi na moja jioni, lori likishaondoka na maziwa, na kumaliza baada ya saa tatu usiku. Kwa bahati mbaya jioni ndiyo wakati ambao stima hupotea sana huku kwetu. Ikipotea hatukuwa na budi kuwasha jenereta, kwa sababu kazi ikikatika katikati mfumo unaanza upya kutoka rekodi ya kwanza.

Jenereta hiyo ilinunuliwa kwa ajili ya tangi la kupozea maziwa. Saa hizo tangi ni tupu, limeoshwa na kuzimwa. Kinachovuta stima ni kompyuta moja, skrini yake, modemu na taa ya ofisi. Sasa, jenereta kubwa ukiipa mzigo mdogo haipunguzi dizeli kwa kadiri ile ile mzigo ulivyopungua. Injini inazunguka kasi yake ya kawaida na sehemu kubwa ya mafuta inaishia kuizungusha yenyewe. Soja wetu ana fimbo aliyoichonga alama kwa kisu. Huitumbukiza kwenye tangi la dizeli kabla ya kuwasha na baada ya kuzima, kisha anaandika alama hizo kwenye kaunta buku. Nilikaa naye tukalinganisha kurasa. Katika jioni za kufunga mwezi, tangi la maziwa likiwa tupu, dizeli ilikuwa ikishuka zaidi ya nusu ya inavyoshuka kwa muda kama huo tangi likiwa limejaa. Kompyuta moja tu! Kila lita ya dizeli inapoungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, mbali na masizi yanayotua kwenye nguo ambazo jirani ameanika. Na kila lita hiyo ni pesa ya mkulima, iliyokatwa kwenye bei ya maziwa kabla hajaitia mfukoni.

Mfumo huo, mwalimu, umeandikwa kwa Java. Katika jedwali lako Java ni ya tano kati ya lugha 27.

Tulipowalalamikia waliotuuzia, walitujibu kwamba kompyuta yetu imezeeka, tununue mpya. Kamati ilikuwa karibu kukubali. Aliyezuia matumizi hayo ni msichana aliyekuja kwetu kwa mazoezi ya kazi kutoka chuoni. Jioni moja tukiwa tunafunga mwezi alifungua dirisha linaloonyesha jinsi prosesa inavyotumika, akaniita.

"Mama, njoo uone. Hii kompyuta haifanyi kazi, inangoja."

Prosesa ilikuwa inatumika asilimia tatu, nne hivi. Mashine tuliyoambiwa imechoka ilikuwa imekaa bure. Msichana yule akaanza kufuatilia inangoja nini. Hifadhidata ya mfumo, yaani ghala la rekodi zake, iko kwenye seva, kompyuta ya kuhudumia nyingine, iliyoko ng'ambo. Kwa kila rekodi moja, programu inafungua njia hadi kwenye seva hiyo, inauliza habari za mwanachama mwenye namba hiyo, inasubiri jibu livuke bahari, inafunga njia, kisha inaanza yote upya na rekodi inayofuata. Safari moja inachukua kama sehemu ya saba ya sekunde. Huwezi hata kuigundua. Ukiirudia mara 100,000 unapata karibu saa nne. Ni kama karani wa kupima maziwa ambaye kila mkebe ukitua mzanini anakimbia kwa katibu kuuliza jina la mwenyewe, ilhali angebeba daftari la wanachama asubuhi na kukaa nalo.

Mfumo huo ungeandikwa kwa C, ungesubiri saa zile zile nne. Bahari haipungui upana kwa sababu programu imeandikwa kwa lugha nyepesi.

Na mtu asidhani kwamba kompyuta inayosubiri haili stima. Nilinunua kipimo kidogo cha wati, kile kinachochomekwa ukutani halafu kompyuta ikachomekwa juu yake. Kompyuta na skrini yake zikisubiri zilikuwa zinavuta kama wati 70. Nikiilazimisha kompyuta kufanya kazi kwa nguvu zake zote, kipimo kilipanda hadi 110 hivi. Yaani kukaa bure kunagharimu karibu theluthi mbili ya kufanya kazi kwa bidii. Kazi ikiisha haraka na kompyuta ikazimwa, hapo ndipo stima inapookolewa, na hilo wanaotengeneza mifumo wanalijua vizuri kuliko mimi.

Msichana hakuwa na ruhusa ya kuugusa mfumo wa wenyewe. Alichofanya ni kutumia mlango uliokuwepo wa kupakua rekodi za mwezi mzima kama faili moja. Akapakua pia orodha ya wanachama na ya mikopo, halafu akaandika programu fupi isiyojaza kurasa mbili. Inasoma orodha ya wanachama mara moja tu, inaiweka kwenye kumbukumbu, kisha inapitia rekodi moja baada ya nyingine ikijumlisha. Aliiandika kwa Python, ile ya 75.88, na kuiendesha kwenye kompyuta ile ile ya zamani. Ilimaliza kabla yeye hajamaliza kunieleza inavyofanya. Tuliilinganisha orodha yake na ya mfumo, mwanachama kwa mwanachama, zikalingana hadi senti. Siku hizi tunafunga mwezi saa sita mchana stima ikiwepo, na jioni soja hana alama za kuandika.

Sisemi kwamba lugha haina uzito kabisa. Ina uzito mahali ambapo hesabu ile ile inarudiwa mabilioni ya mara katika maelfu ya seva. Mwaka 2010 Facebook ilitangaza chombo ilichokiita HipHop, kilichogeuza programu zao za PHP kuwa C++, lugha yenye kasi zaidi, kabla ya kuendeshwa, na matumizi ya prosesa kwenye seva zao za wavuti yakashuka kwa karibu nusu. Hiyo ni stima nyingi sana. Lakini hebu tutazame walivyofanya: wahandisi wao waliendelea kuandika PHP, lugha waliyoizoea, na kazi ya kuifanya nyepesi ikabebwa na chombo kilichotengenezwa kwa makusudi baada ya kupima mzigo uko wapi. Python nayo iko hivyo. Wanasayansi wanaoitumia kwa mahesabu makubwa hutumia maktaba, yaani mikusanyo ya programu zilizoandikwa tayari, kama NumPy, ambayo ndani yake kazi nzito imeandikwa kwa C. Mtoto wa Kisumu anayejifunza kupanga mawazo yake kwa Python, programu yake ikaenda sekunde mbili na kuzimwa, hajauharibu mlima wala mto. Mtaala wa kufundisha kuandika programu uliidhinishwa mwaka 2022 kwa shule zetu za msingi na sekondari, na ningependa mwalimu asaidie watoto wengi zaidi waufikie, badala ya kuwafungia mlango kwa sababu ya jedwali. Kama anataka kuwafundisha kutunza stima, na nadhani anataka kwa moyo wote, awanunulie kipimo cha wati kimoja kwa darasa zima. Awape kazi moja waiandike kwa njia mbili, na wasome namba wenyewe.

Kuna jibu jingine ambalo hunikera zaidi kuliko barua ya mwalimu, nalo nalisikia sana hapa Nakuru. Watu husema stima ya Kenya ni safi, inatoka kwenye mvuke wa ardhini, kwa hiyo programu ikiwa nzito hakuna mazingira yanayoumia. Ni kweli takriban asilimia 90 ya stima yetu hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Ni kweli Olkaria, yenye mitambo ya mvuke, iko katika kaunti yetu, imezalisha tangu mwaka 1981, na Menengai iko hapa juu ya mji. Najivunia jambo hilo. Lakini asilimia kumi inayobaki haigawanywi sawa kwa saa zote. Ni jioni, taa za nchi nzima zikiwaka pamoja, ndipo mitambo ya mafuta inapohitajika zaidi. Kule Muhoroni, kwa jirani zake mwalimu, kuna mtambo wa megawati 60 unaounguza mafuta kuusaidia ukanda wa magharibi. Anayeendesha kazi ya saa nne kuanzia saa kumi na moja jioni, kazi ambayo ingeisha mchana kwa dakika moja, ameongeza mzigo wakati ule ule ambao mzigo haubebeki. Na stima ikishakatika kwa kulemewa, kila mwenye jenereta anawasha yake.

Mvuke wenyewe pia si bure. Visima vya Olkaria vimo ndani na kando ya mbuga ya Hell's Gate. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, zikapelekwa mahali panapoitwa RAPland. Kila megawati tunayoidai ina kisima chake, bomba lake, na mara nyingine mtu aliyekuwa akilisha mifugo yake hapo. Kwa hiyo mtu akiniambia stima ya mvuke haina gharama, namwomba akae na wazee wa Naivasha kidogo.

Tena mahitaji yanakuja, si ya kitoto. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa kujenga Olkaria kituo cha data, yaani jengo lililojaa seva, kitakachotumia mvuke, kwa kuanzia na megawati 100. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kilele cha matumizi ya Kenya nzima kilikuwa kimepita kidogo tu megawati 2,300. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba vituo vya data duniani vilitumia saa-terawati 415 (kila moja ni uniti bilioni moja za stima) mwaka 2024, karibu asilimia 1.5 ya stima yote ya dunia. Stima inayoingizwa kwenye gridi ya Kenya mwaka mzima, ya viwanda, majumba, hospitali na pampu za maji, ni kama 14 kwa kipimo hicho hicho. Seva ile ng'ambo iliyokuwa ikiulizwa maswali 100,000 badala ya machache imo ndani ya 415 hizo. Mfumo wetu haukuupoteza muda wetu peke yetu. Uliishughulisha mashine ya huko pia, na vipoza hewa vyake, na mitambo yote iliyoko katikati.

Sasa niseme kuhusu simu, kwa sababu hapo ndipo naona madhara makubwa zaidi kuliko hata ya dizeli.

Zamani mkulima wetu akileta maziwa alipata ujumbe mfupi: tarehe, lita, jumla ya mwezi. Ujumbe wa herufi 160 unaingia kwenye simu yoyote, kabambe au ya bei. Waliotuuzia mfumo wakaja na pendekezo la kuacha ujumbe mfupi na kumpa kila mwanachama programu ya simu. Tulijaribu kwenye simu za wanakamati. Kwenye baadhi haikukubali hata kuingia, ikisema toleo la Android ni la zamani. Kwenye nyingine iliingia, ikawa inawasiliana na seva kila mara hata mtu akiwa amelala, na betri iliyozoea kukaa siku mbili ikawa inakata kabla ya jioni. Huku kwetu, ukipanda kuelekea Mau Narok, wako wanachama ambao bado wanalipia kuchaji simu dukani. Programu inayomaliza betri kwa siku moja imewaongezea safari na shilingi.

Mambo hayo yaliletwa mbele ya wanachama. Mzee mmoja alisimama, fimbo mkononi, akauliza: "Ninachotaka kujua ni lita zangu. Hiyo ni namba moja. Namba moja inahitaji simu ya elfu kumi na tano?" Ukumbi wote ulimpigia makofi, na mimi nilipiga nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuna mhandisi niliyemsikia akiliuliza swali hili vizuri kuliko yeye.

Sehemu kubwa ya hewa ukaa inayotokana na simu hutolewa wakati wa kuitengeneza, kabla mwenyewe hajaiwasha. Kuitupa simu nzima kwa kuwa programu imekuwa nzito ni hasara ambayo hakuna mvuke wa Olkaria unaoweza kuifidia. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Za kwetu tunajua zinakoishia. Aliyewahi kupita Gioto, jalala la Nakuru, amewaona watu wakichakura moshini kutafuta kitu cha kuuza, na harufu ya plastiki inayoungua inakufuata hadi barabarani.

Niklaus Wirth, Mswisi aliyebuni Pascal, lugha ambayo wengi wa rika langu tuliisoma sekondari, alilalamika tangu mwaka 1995 kwamba programu zinazidi kuwa nzito haraka kuliko mashine zinavyozidi kuwa na nguvu. Alifariki Januari 2024, na tatizo limekua tu. Limekua kwa sababu anayeandika programu halipi gharama yake. Hanunui dizeli, hanunui simu mpya, halipii kuchaji. Jibu la "nunueni kompyuta mpya" halimgharimu hata senti. Lingekuwa linamgharimu, angetafuta zile safari 100,000 yeye mwenyewe, tena ndani ya wiki.

Kwa hiyo naomba wanaonunua mifumo waanze kudai. Kaunti zetu, hospitali, shule, sacco za akiba na vyama vya ushirika hununua programu kila mwaka. Zabuni inauliza cheti cha ulipaji kodi, cheti cha usajili wa kampuni, barua za wateja wa zamani. Sijaona inayouliza programu itachukua muda gani kwenye mashine tuliyonayo tayari, na itakula stima kiasi gani. Muuzaji huja na kompyuta yake mpya inayong'aa, anaonyesha rekodi hamsini, kila kitu kinakwenda upesi, kamati inatabasamu, na mkataba unatiwa saini. Rekodi hamsini si mwezi wa maziwa. Mtu apewe rekodi zetu halisi na kompyuta yetu ya zamani, akae nasi jioni, asikie jenereta.

Viongozi wengine wa vyama wameniambia hilo ni kuwasumbua wauzaji, kwamba sisi wakulima hatuna ujuzi wa kupima. Kipimo cha wati hakihitaji digrii. Kinachomekwa, kinaonyesha namba, namba inaandikwa. Soja wetu amekuwa akifanya hivyo kwa fimbo na kaunta buku bila kusomea popote, na ni kumbukumbu zake zilizonipa ushahidi wa kwanza.

Katika mkataba mpya ambao wanachama wetu wataupigia kura kwenye mkutano mkuu tumeweka kipengele hiki. Chama chochote, iwe Molo, Ahero au Kakamega, kiko huru kukinakili neno kwa neno:

"Kabla ya malipo ya kwanza, muuzaji ataendesha hesabu za kufunga mwezi kwa rekodi halisi za chama za mwezi mzima, kwenye kompyuta ya zamani kuliko zote zinazotumika ofisini, mbele ya kamati. Muda uliotumika na stima iliyosomwa kwenye kipimo vitaandikwa katika mkataba huu. Toleo jipya la mfumo likizidi viwango hivyo kwa zaidi ya robo, muuzaji atalirekebisha kwa gharama yake. Mwanachama mwenye simu inayopokea ujumbe mfupi hatalazimika kununua simu nyingine ili apate hesabu yake."

Tumekionyesha kwa wauzaji wawili. Mmoja amekubali na ameomba rekodi za mwezi uliopita ajaribu. Mwingine amesema atashauriana na mafundi wake, na bado tunamsubiri.

Karani wa kompyuta,
Chama cha ushirika cha wafugaji,
Njoro, Nakuru